Mpira wa Kamba

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mtaa wetu ulisikia mlio uleule kutoka uani kwa fundi wa kuchomelea. Pu. Kimya kidogo. Pu. Huyo alikuwa binti wa fundi, anapiga mpira wa wavu.

Binti huyo tulimwita Ngazi. Kwao hakuna aliyepanda kiti kushusha sufuria la juu kabatini. Aliitwa Ngazi, akashusha. Majirani nao walimwazima. Balbu ikiungua, unasikia hodi mlangoni: "Tunaomba Ngazi, tutairudisha." Yeye mwenyewe alicheka. Alikuwa msichana mpole, mwenye mkono wa kulia ambao hata baba yake aliuogopa.

Mama yake alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani, na tepu ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Kutoka pale barazani aliona kila kitu: nani kapita, nani kanuna, nani kavaa gauni lililoshonwa na fundi mwingine.

Baba alikuwa na karakana yake nyuma ya nyumba. Ngazi alipochaguliwa kuwa mshambuliaji wa timu ya yadi ya mbao, baba alifurahi mpaka akakosa usingizi. Mshambuliaji ni mchezaji anayeruka karibu na wavu na kuupiga mpira kwa nguvu, uangukie upande wa wapinzani. Baba alitaka binti yake awe mshambuliaji bora kuliko wote. Akakata bomba la chuma, akalichimbia ardhini, akachomelea mkono mrefu juu yake. Kwenye mkono ule akafunga kamba. Kwenye kamba akafunga mpira. Mpira ukaning'inia juu, pale hasa Ngazi alipofika akiruka.

"Sasa huna haja ya kumngoja mtu akuinulie mpira," baba alimwambia. "Mpira unakungoja wewe."

Alisema hivyo kwa mapenzi. Mapenzi yale ndiyo yaliyotuponza.

Kocha wa timu alikuja kukiona kile chuma. Kocha alikuwa msimamizi wa yadi ya mbao, mtu wa sauti kubwa, aliyevaa filimbi hata harusini. Alimtazama Ngazi akiruka na kupiga, akiruka na kupiga, bila kukosa hata mara moja. Akamwomba baba atengeneze chuma kingine cha namna ile kwa ajili ya uwanja wa timu. Baba akatengeneza. Tangu siku hiyo, mazoezi ya washambuliaji yakawa ni mpira wa kamba tu.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya yadi. Kocha aliufunika kwa maranda, yale mabaki laini ya mbao yanayomwagika fundi anapopiga randa. Aliyajaza mpaka mguu ukawa unazama. Alijivunia maranda yale kupita kiasi. Ukianguka huumii, alisema, na timu isiyoumia ndiyo timu inayoshinda.

Basi ikaja mechi ya kwanza katika ukumbi wa michezo. Tulikwenda wengi, na mama yake Ngazi alikuwepo. Timu ya kiwanda cha sabuni ilikuwa upande wa pili, na sakafu ya ukumbi ilikuwa ngumu na safi, inang'aa. Tulikaa tukitabasamu. Tulijua tunachokuja kukiona.

Hatukukiona. Seta wa timu yetu, yaani mchezaji anayewainulia washambuliaji mpira, aliinua mpira wa kwanza. Ngazi alikimbia, akaruka, akafika juu. Mpira ulikuwa bado unakuja. Alipoanza kushuka ndipo mpira ulipofika, ukapita juu ya vidole vyake. Mpira wa pili aliupiga kwenye wavu. Wa tatu aliupiga vizuri sana, lakini wasichana wa sabuni walikuwa wameruka mbele yake na kusimamisha ukuta wa mikono. Mpira ukagonga mikono yao, ukarudi, ukampiga yeye kifuani. Watu wakacheka. Wengine walikuwa majirani zake, watu ambao balbu zao amezibadilisha yeye. Nawajua, na sijawasamehe.

Mara nyingine tano, sita, mambo yakawa yaleyale. Kocha akapiga kelele kutoka kwenye benchi. Akamtoa Ngazi. Msichana alipofika pembeni, kocha hakumvuta kando wala hakupunguza sauti.

"Mwoga," alisema, na ukumbi mzima ulisikia. "Mazoezini simba, mechini panya. Umeniaibisha."

Ngazi alikaa chini, akaufunika uso kwa jezi. Jezi ile ilishonwa na mama yake.

Kesho yake kocha aliikusanya timu pale yadi. Alisema mashindano makubwa yanakuja, katika ukumbi uleule, na yeye habebi waoga. Siku ya kuchagua timu itakapofika, mwenye moyo ataonekana. Kwa sasa, mwoga atajifunza ujasiri kwa miguu yake. Akamwamuru Ngazi aruke kichura, yaani achuchumae na kurukaruka hivyohivyo kama chura, kuuzunguka uwanja. Kesho yake tena. Na kesho yake tena.

Ngazi hakusema kitu nyumbani. Lakini mama aliyekaa barazani huwezi kumficha mwendo. Alimwona binti yake akipanda ngazi mbili za baraza huku ameshika ukuta.

"Vua kiatu, kaa hapa," mama alisema. "Kunja sketi nione goti."

Goti la kulia lilikuwa limevimba. Mama aliuliza, binti akajibu kwa kifupi. Alieleza habari ya kichura. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba pengine kocha anasema kweli. Pengine yeye ni mwoga. Kwa nini kwenye kamba hakosi, na mbele ya watu anakosa?

 Mama alisimama, akavaa viatu, akaenda yadi ya mbao na tepu yake shingoni. Sisi tuliomwona akipita tulimpisha njia.

Alimkuta kocha anahesabisha vijana mbao. Alimwambia kwamba mtoto hakutumwa pale aje kuvunjwa goti. Kama ana kosa, aelekezwe kosa. Alimkumbusha pia kwamba kumvunjia mtu heshima mbele ya ukumbi mzima si kazi ya mwalimu. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema neno ambalo mama alirudi nalo njia nzima.

"Mama, nenda kaulize chuma cha mumeo. Pale binti yako anapiga mipira yote. Nguvu anazo. Kuruka anajua. Sasa mechini kinachokosekana ni nini, kama si moyo?"

 Hilo ndilo lililomchoma mama zaidi. Alijua mtoto wake si mwoga, alijua kama anavyojua jina lake, lakini hakuweza kusema kwa nini. Aliketi kwenye cherehani, akashona pindo, akalifumua, akalishona tena, akalifumua. 

Jirani wa mlango wa pili alikuwa Mama Pacha. Alifanya kazi hospitalini, katika chumba cha tiba ya viungo. Huko aliwafundisha watu kutembea upya baada ya kuvunjika. Zamani kabla ya kujifungua wale mapacha wake, alikuwa mchezaji wa wavu, tena seta mzuri. Jioni ile alipita kuchukua blauzi yake, akakuta imeshonwa mkono mmoja juu chini.

"Shoga, hii blauzi ni ya mtu gani?" aliuliza. "Mwenye mkono unaotokea mgongoni?"

Mama alicheka kidogo, kisha akashindwa kucheka. Akamwaga yote.

Mama Pacha aliomba kumwona binti. Alilipapasa lile goti, akalikunja na kulikunjua taratibu. Alisema halijavunjika wala kuchanika, ila limechoshwa. Alitaka liwekewe kitambaa cha baridi, na Ngazi asiruke kabisa mpaka uvimbe uishe. Kama hautaisha, aje hospitalini. Halafu aliuliza kichura kile kilikuwa cha nini. Aliposikia jibu, uso wake ulibadilika.

"Ngoja," alisema. "Katika mechi ile, kuna mpira hata mmoja ulioacha kuurukia?"

"Hapana, mama," Ngazi alijibu. "Yote niliirukia."

"Hata baada ya ule uliokupiga kifuani?"

"Hata baada ya huo."

"Basi kocha wako hajui maana ya neno alilolisema. Mwoga haruki. Wewe uliruka kila mara. Uliruka mapema tu, na kuruka mapema ni jambo la kufundishwa, si la kutukanwa."

Mama alishusha pumzi ambayo nadhani aliishika tangu yadi ya mbao. Baba, aliyekuwa mlangoni na miwani yake ya kuchomelea kichwani, alitikisa kichwa. Alisema haelewi. Binti anaruka sawasawa kila siku, yeye mwenyewe anamwona. Mama Pacha akawaomba wote waende uani.

Hakumruhusu Ngazi aruke. Aliushusha mpira wa kamba mpaka ukawa juu kidogo ya kichwa, akamwambia aupige akiwa amesimama. Ngazi akapiga. Pu. Safi kabisa. Akapiga tena. Safi. Kisha Mama Pacha akachukua ufagio, akausukuma mpira kwa mpini. Mpira ukaanza kubembea huku na huku.

"Sasa piga," alisema.

Ngazi alipiga hewa. Akangoja, akapiga tena, akaugusa kwa ncha za vidole. Mara ya tatu alipiga kamba. Baba aliivua ile miwani kichwani kabisa, akawa anaishika mkononi.

"Umeona, baba?" Mama Pacha alisema kwa upole. "Mpira huu umemfundisha kupiga kitu kilichosimama. Mechini hakuna kitu kilichosimama. Mpira unasogea, seta anasogea, wapinzani wanasogea. Binti yako hajawahi kufundishwa kungoja, kwa sababu siku zote yeye ndiye anayengojwa."

Walirudi barazani. Mama Pacha alieleza, na mimi niliyekuwa nimekuja kuchukua suruali yangu nilibaki kusikiliza. Alisema watu wengi wanadhani kupiga mpira ni kazi ya mkono. Mkono unamalizia tu. Kazi inaanza kwenye macho. Macho yanaona mpira unatoka wapi, umepanda kiasi gani, unakuja upesi au polepole. Macho yakishaona, ndipo miguu inaanza, hatua ya kwanza ya taratibu, zinazofuata za haraka. Mikono yote miwili inarudi nyuma, kisha inapanda pamoja na mwili na kuusaidia kuruka. Mwisho kabisa mkono wa kupiga unafika. Viungo vyote hivyo lazima vipatane, kila kimoja kwa wakati wake. Kimoja kikiwahi au kikichelewa, mpira umekwenda.

"Kupatana huko hakubaki vilevile," aliendelea. "Mazingira yakibadilika, nako kunabadilika. Shoga, wewe ukishona, mguu uko kwenye pedali na mikono iko kwenye kitambaa. Kitambaa cha hariri na cha jinzi, mwendo ni uleule?"

"Haiwezekani," mama alisema. "Hariri ukiikimbiza inakunjamana. Jinzi ukiionea huruma, sindano inakwama."

"Ulijuaje?"

"Nilishona vyote. Niliharibu vyote, ndipo nikajua."

"Basi mtoto huyu amepewa kitambaa kimoja tangu aanze. Kisha akapelekwa kushona kingine mbele ya watu. Alipokosea, akaitwa mwoga na kurushwa kichura." Mama Pacha aliiweka blauzi yake chini. "Hili linanikera, nakwambia. Linanikera kweli."

Alieleza pia habari ya maranda. Katika kitu laini, mguu unazama kabla ya kukurusha juu. Mwili unachelewa kidogo, na mchezaji anazoea kuanza mapema ili afidie. Kwenye sakafu ngumu mguu hauzami. Unarushwa papo hapo. Kwa hiyo Ngazi alianza kwa saa ya maranda, akaruka kwa saa ya sakafu, akafika juu wakati mpira bado uko njiani. Uchovu nao unabadilisha mambo. Mtu aliyechoka mikono yake haipandi vizuri, na mara nyingi anatua kwa mguu mmoja. Hapo ndipo magoti yanapoumia. Kutua ni kwa miguu miwili, na magoti yakunjwe kidogo.

 Mwishoni baba alisema, bila kumtazama mtu, kwamba yeye ndiye aliyemharibia mtoto. Ngazi akamwambia hapana. Mama Pacha naye akamwambia hapana: mpira wa kamba una kazi yake kwa anayeanza kujifunza kuzungusha mkono. Kosa ni kuufanya kuwa mazoezi yote.

Baba alinuna jioni nzima hata hivyo. Hakula vizuri. Asubuhi iliyofuata mtaa haukusikia pu. Ulisikia mashine ya kukatia chuma. Baba aliukata ule mkono wa juu, akachimbia bomba la pili upande wa pili wa ua, akafunga wavu katikati. Upande mmoja wa wavu ulikuwa na udongo. Upande mwingine ulikuwa na sakafu ya saruji ya karakana. Aliifagia mwenyewe, akaondoa kila kipande cha chuma.

Goti lilipokuwa linapoa, Ngazi hakwenda yadi wala hakuruka. Alijifunza kutazama tu. Mama Pacha aliinua mpira, na kazi ya Ngazi ilikuwa kusema "sasa" pale anapodhani aanze kukimbia. Mwanzo alisema mapema kila mara. Mama Pacha aliudaka mpira, akacheka, akainua mwingine wa namna nyingine. Mrefu, mfupi, wa mbali na wavu, wa karibu mno. Polepole lile "sasa" likaanza kukaa mahali pake.

Uvimbe ulipoisha, akaanza kuruka, kidogo kidogo. Ua ule ukawa kichekesho cha mtaa. Mapacha walisimama upande wa pili wa wavu juu ya mabenchi, kila mmoja na ufagio ameuinua, wakawa ndio ukuta wa wapinzani. Safari nyingine ufagio mmoja ulishuka, na Ngazi alitakiwa auone na apige hapo. Safari nyingine fagio zote mbili zilibaki juu, na alitakiwa augonge mpira kidogo tu upite juu yake. Baba alipewa kazi ya kurusha mipira mibaya, kwa maana mechini si kila mpira unaoinuliwa vizuri.

"Nirushe vibaya kiasi gani?" baba aliuliza.

"Rusha tu kama kawaida yako," mama alimwambia kutoka barazani.

Siku moja walicheza kwenye saruji, siku nyingine kwenye udongo. Siku nyingine Ngazi aliambiwa akimbie mpaka dukani na kurudi kwanza, apige akiwa anahema. Alikosa mipira mingi. Alikosa kuliko alivyowahi kukosa katika maisha yake. Lakini hakuna aliyemtukana. Kila alipokosa, Mama Pacha alimuuliza swali moja: "Uliona nini?" Akijibu, wanaendelea.

Siku ya kuchagua timu ikafika. Mama alifunga cherehani mchana, jambo ambalo hatukumbuki kuliona. Alikwenda na Mama Pacha mpaka yadi, na sisi majirani nyuma yao. Kocha alikuwa amewapanga wasichana mbele ya kile chuma cha pili. Alisema kila mshambuliaji apige mpira wa kamba, na wanaopiga kwa nguvu zaidi ndio watakaokwenda.

"Kocha," mama aliita kutoka pembeni. "Kule ukumbini mpira wamefunga kamba?"

Wasichana walicheka chinichini. Kocha akageuka, akasema mazoezi ni yake na yeye hafundishwi kazi na mtu wa sindano na uzi. Mama angejibu, na jibu lake lingefika mbali, lakini seta wa timu alitoka kwenye mstari. Alisema kwa adabu kwamba yeye ndiye anayeinua mpira mechini, na haijui kamba. Aliomba wajaribu pale kwenye sakafu ya saruji ambapo malori hupakia mbao. Wenzake wakasema na wao wanaomba hivyo. Kocha aliwatazama mmoja mmoja. Akaona hana mtu. Akaamuru wavu uhamishwe.

Ngazi alikosa mpira wa kwanza. Kocha akafungua mdomo. Mpira wa pili uliinuliwa vibaya, mbali na wavu. Ngazi hakukimbia. Alisimama akiutazama mpaka sisi wengine tukaanza kuogopa, halafu akaenda. Hatua ya taratibu, hatua za haraka, mikono juu, mkono. Mpira ulilia kwenye saruji hadi walinzi wa yadi wakageuka. Akatua kwa miguu miwili. Wa tatu vilevile. Wa nne, wasichana wawili waliruka kumzuia, naye akaugusa kidogo tu, ukadondoka nyuma yao kama kitu kilichosahauliwa.

Kocha aliifumbata filimbi mkononi. Alisema haya, Ngazi atakwenda, lakini atakaa benchi.  Njiani mama alimwambia Mama Pacha maneno ambayo siyaandiki hapa.

Ukumbini alikaa benchi kweli. Timu ya kiwanda cha sabuni ilikuwa upande wa pili tena. Washambuliaji wetu, waliolelewa na kamba, waliruka mapema mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa namwona kocha akinyanyuka na kukaa, akinyanyuka na kukaa. Hakuwa na neno la kuwaambia zaidi ya "rukeni" na "pigeni", na walikuwa wanaruka na wanapiga. Mama Pacha, aliyekaa nyuma ya benchi, akamwambia kwamba wanaruka mapema, kwa sababu kamba haikuwafundisha kungoja. Tulipofika seti ya mwisho, ile ya kuamua mshindi, alimtazama Ngazi kama mtu anayekunywa dawa chungu. Akamwita.

Siwezi kusema kwamba hakukosa. Alikosa mmoja, akazuiwa mwingine. Lakini aliona. Ukuta ulipofunguka alipiga hapo. Ulipofungwa alipitisha juu. Mpira ulipokuja mbaya alingoja. Alipochoka bado mikono yake ilipanda. Na mpira wa mwisho ulikuwa mbaya kuliko yote, umepokewa ovyo, seta ameuinua huku anaanguka, unazunguka hewani mbali na wavu.  Ngazi aliungoja. Akaenda, akaruka, akaupiga kwenye kona tupu ya uwanja, tukashinda.

Watu wale waliomcheka walimbeba. Niliwaona, na bado sijawasamehe.

Kocha alikuwa amezungukwa na watu. Alikuwa anacheka. Nilimsikia akisema kwa ile sauti yake kwamba alijua tangu mwanzo, kwamba kichura ndicho kilichomkomaza msichana. Mama yake Ngazi naye alisikia. Alipenya kati ya watu, tepu shingoni, akasimama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Kocha, ulimwita mwoga humu humu, mbele ya watu hawahawa," alisema. "Leo mwambie kweli. Na umwambie kwa sauti uliyomtukania."

 Kocha alitazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Alikohoa. Alianza kusema kitu chini chini.

"Sikusikia," mama alisema. "Siku ile nilisikia vizuri."

Kocha akavua filimbi shingoni. Mtu mzima, jasho lilimtoka. Kisha akasema, na ukumbi mzima ulisikia, kwamba binti huyu hakuwa mwoga hata siku moja. Aliruka kila mpira. Aliruka mapema kwa sababu yeye kocha alimfundisha mpira unaongoja. Kosa lilikuwa lake, na matusi yalikuwa yake, na anaomba radhi.

Ngazi alikuwa bado mabegani kwa watu. Alifikiri kidogo.

"Na kichura, Kocha?"

"Kichura kimekwisha," kocha alisema.

Kimekwisha kweli. Siku hizi Mama Pacha anapita yadi ya mbao akitoka kazini, na kocha anamsikiliza, ingawa anajitia kama alikuwa anayajua. Maranda yamebaki upande mmoja wa uwanja. Upande mwingine umesakafiwa. Wasichana wanacheza huku na huku, wakiwa na nguvu na wakiwa wamechoka, na mipira mizuri na mibaya. Ile kamba ya baba inaanikiwa nguo. Hakuna aliyeitwa mwoga tena katika uwanja ule. Kutoka yadi mpaka baraza ya mama yake Ngazi si mbali, na yeye bado anakaa palepale, anasikia kila kitu.